Pasi iliyokatika kati ya Kitale na Bungoma

MNAMO Juni 1, 2024, macho ya Wakenya yalielekezwa katika uwanja wa Masinde Muliro mtaani Kanduyi, Kaunti ya Bungoma, ambako sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika. Uwanja huo, ambao wenyeji walikuwa wameusubiri kwa miaka mingi, ulijaa pomoni. Gwaride likapita, hotuba zikatolewa na wageni wakarejea makwao.

Msimu wa ligi ulipofikia tamati mwaka huohuo, Nzoia Sugar, klabu pekee ya kaunti hiyo katika Ligi Kuu ya Kenya, ilishushwa daraja. Bungoma ikawa imepata uwanja na kupoteza timu ambayo ingeutumia. Misimu ya 2024/25 na 2025/26 ilianza bila klabu yoyote ya Bungoma katika kiwango cha juu zaidi cha soka nchini.

Timu inaposhuka daraja, lawama huanza kwa kipa, zikapita kwa mabeki na kuishia kwa kocha. Ni nadra mashabiki kujiuliza ni kwa nini mpira haukuwa ukifika mbele. Ilhali katika ligi ya klabu 18 na mechi 34, timu haizami kwa sababu ya kosa moja la mlinda lango. Huzama kwa kushindwa, wiki baada ya wiki, kuutoa mpira miguuni mwa beki na kuufikisha kwa mvamizi akiwa katika nafasi ya kufunga. Kwa maneno mengine, huzama kwa kukosa pasi.

Anayefuatilia kandanda ya klabu zetu anaijua picha hiyo. Beki wa kati anapokea mpira na kuinua kichwa. Kiungo aliye mbele yake amewapa mgongo wapinzani na hana wa kumsaidia. Mawinga wamesimama kwenye mistari wakingoja. Mpira unarudishwa kwa kipa, kipa anaupiga juu, na mvamizi aliye peke yake anaachwa agombane na mabeki wawili warefu. Baada ya dakika 90 huambiwa kwamba hajui kufunga, ingawa huenda hakupata pasi tatu za maana.

Ni rahisi kusema kwamba wachezaji hao hawana kipaji. Historia ya Nzoia Sugar yenyewe inakanusha dai hilo.

Klabu hiyo ilipanda Ligi Kuu mwaka wa 2017 chini ya mkufunzi Bernard Mwalala, aliyewahi kuichezea Harambee Stars. Haikuja kushiriki tu, iliwasumbua vigogo. Mvamizi wake Elvis Rupia alikuwa akitisha mbele ya lango hadi alipohamia Power Dynamos ya Zambia katikati ya mwaka wa 2018. Mwalala naye akaelekea Bandari mjini Mombasa, ambako alitwaa kombe la SportPesa Shield mwaka wa 2019. Rupia alikuja kuibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2022/23 akivalia jezi ya Kenya Police, kisha akavuka mpaka kusakata soka nchini Tanzania.

Msimu huohuo wa 2022/23, Nzoia Sugar ya kocha Salim Babu ilishika usukani wa jedwali katika majuma ya mwanzo. Miezi kumi na minane hivi baadaye, klabu hiyohiyo ilikuwa ikifunga virago. Babu mwenyewe hakukosa kazi: alikabidhiwa timu ya taifa ya vijana wasiozidi umri wa miaka 20, akaiongoza katika fainali za Kombe la Afrika za umri huo nchini Misri mwaka wa 2025.

Basi tazama mtiririko huo. Kocha wa kwanza aliondoka akatwaa kombe kwingine. Mvamizi aliondoka akawa mfungaji bora kwingine. Kocha mwingine aliondoka akapewa vijana wa taifa. Vipaji vilikuwapo Bungoma. Kilichokosekana ni uwezo wa kuvishikilia vikae pamoja kwa muda wa kutosha.

Hapo ndipo penye kiini cha suala la pasi. Pasi nzuri ni mapatano yasiyosemwa kati ya watu wawili. Kiungo huutanguliza mpira mahali ambapo hapana mtu, kwa kuwa anajua winga wake atafika pale baada ya sekunde mbili. Winga naye huanza kukimbia kabla mpira haujapigwa, kwa kuwa amemwona kiungo huyo akifanya hivyo mara mia mazoezini. Maelewano ya aina hiyo hayaletwi na hotuba ya kocha chumbani wala na jezi mpya. Huletwa na kuzoeana, na kuzoeana huhitaji wachezaji walewale, mahali palepale, msimu baada ya msimu.

Dirisha la uhamisho linapofunguliwa na wachezaji watatu au wanne wa kutegemewa wakaondoka, kocha hapotezi miguu minane tu. Anapoteza maelewano yote yaliyokuwa kati ya wanne hao na wenzao waliobaki. Hulazimika kuanza upya, na akiwa na mechi Jumamosi hana muda wa kuanza upya. Humwambia kipa apige mbali. Mipira mirefu ndiyo mbinu ya timu isiyojuana.

Wapo wanaolaumu viwanja, na hawakosei kabisa. Katika uwanja wenye mashimo, kiungo anayeletewa mpira hulazimika kuutuliza kwa mguso wa pili na wa tatu, na kufikia hapo mpinzani amekwisha kumfika. Mvua za magharibi mwa Kenya huugeuza uwanja usiotunzwa kuwa tope kwa miezi mingi ya msimu. Hata hivyo, timu iliyoongoza jedwali mwanzoni mwa msimu wa 2022/23 ilichezea viwanja vya nchi hii hii. Uwanja mbovu hudhoofisha pasi lakini peke yake hauishushi timu daraja.

Mzizi wa tatizo uko katika mfuko. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Nzoia Sugar ilizaliwa na kulelewa na Kampuni ya Sukari ya Nzoia, iliyoasisiwa mwaka wa 1975 na kuanza kusaga miwa mwaka wa 1978. Kiwanda kilipokuwa na nguvu, klabu ilikuwa na nguvu. Kiwanda kilipoanza kuwacheleweshea wakulima malipo ya miwa na kulimbikiza mishahara ya wafanyakazi wake, haikutarajiwa kwamba fowadi angelipwa kabla ya fundi wa mtambo.

Mchezaji asiyejua kodi ya nyumba itatoka wapi hana budi kuitafuta klabu nyingine. Akipata ofa Januari, huondoka Januari. Wa kumlaumu ni nani? Ana wazazi, ana wadogo zake shuleni, na miguu yake haitakuwa na kasi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa hivyo pasi inayokosekana ugani Jumamosi huwa imekatika zamani, siku ambayo mshahara haukuingia.

Masaibu haya si ya Nzoia pekee. Ni hadithi ya soka ya viwanda katika eneo zima la magharibi na kaskazini mwa Bonde la Ufa, na ni ndefu kuliko wengi wanavyokumbuka.

Kati ya mwaka wa 1995 na 2003, Kombe la taifa lilitwaliwa mara tano na klabu za viwanda vya eneo hili na majirani zake: Rivatex ya Eldoret mwaka wa 1995, Mumias Sugar mwaka wa 1996 na tena 1999, Eldoret KCC mwaka wa 1997, na Chemelil Sugar mwaka wa 2003. SoNy Sugar ya Awendo ikatawazwa mabingwa wa ligi mwaka wa 2006. Zilikuwa timu zilizocheza soka ya kuvutia, na sababu yake haikuwa siri. Mchezaji aliajiriwa kiwandani, akapewa nyumba, mkewe akajifungulia zahanati ya kampuni, na akakaa na wenzake miaka mitano au sita. Kiungo na mvamizi walikuwa majirani kabla hawajawa wachezaji wenza.

Kisha viwanda vikaanza kuanguka, kimoja baada ya kingine. Rivatex na KCC ziliyumba mwishoni mwa miaka ya 1990. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper mjini Webuye, katika Kaunti hiyohiyo ya Bungoma, kilifungwa mwaka wa 2009, nacho kilikuwa na timu yake iliyojulikana kote nchini. Mumias iliwekwa chini ya mrasimu mnamo Septemba 2019. Msimu wa 2019/20, SoNy Sugar ilitimuliwa ligini kwa kushindwa kufika viwanjani, na Chemelil ikashuka daraja mwaka wa 2020. Mwaka wa 2019 ndio pia ambapo kampuni ya kamari ya SportPesa ilijiondoa katika udhamini wa Ligi Kuu, jambo lililoziacha klabu nyingi zikihangaika kutafuta hata nauli.

Nzoia, kwa hakika, ilikuwa miongoni mwa timu za mwisho za ukoo huo kubaki zimesimama. Aliyeshangazwa na kuanguka kwake mwaka wa 2024 hakuwa akiwatazama ndugu zake.

Ili kuona kilichopotea, mtu hana budi kuondoka Bungoma na kufuata barabara ya Webuye, apite Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale.

Kitale ni mji wa mbegu. Kampuni ya Kenya Seed, ambayo mahindi yake hupandwa kote nchini na hata nje, ina makao yake makuu huko tangu 1956. Katika soka pia Kitale ni mji wa mbegu. Shule ya wavulana ya St Anthony's, maarufu kama Solidarity Boys, ni miongoni mwa vigogo wa michezo ya shule za sekondari nchini. Kwa upande wa wasichana, Wiyeta imelea vizazi vya wanasoka, na Trans Nzoia Falcons imewahi kushiriki Ligi Kuu ya wanawake kwa misimu kadhaa. Hata hivyo, mji huo hauna klabu ya wanaume katika Ligi Kuu.

Kijana anayeng'aa akiwa kidato cha tatu mjini Kitale huwa na njia mbili. Ama apande basi aende Nairobi, ambako klabu za polisi, benki na mashirika ya serikali zina bajeti ya uhakika, au arudi nyumbani asahaulike. Njia ya tatu, iliyo fupi zaidi, ilikuwa kuteremka hadi Bungoma, umbali wa saa mbili hivi kwa matatu, akakomae polepole katika klabu ya Ligi Kuu iliyo karibu na kwao. Njia hiyo ilikatwa mwaka wa 2024.

Mto Nzoia hutoka katika milima ya Cherang'any na Elgon, ukapita Trans Nzoia na Webuye kabla ya kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Vipaji vya soka navyo vingepaswa kufuata mkondo huo. Badala yake, hupelekwa mbali vikiwa vibichi, na vingi hupotea kwenye mabenchi ya wachezaji wa akiba.

Mfumo wenyewe wa michezo ya shule una kasoro yake katika suala hili la pasi. Mashindano ya kitaifa huchezwa kwa muda wa wiki moja hivi, na timu hushuka ugani karibu kila siku. Katika ratiba kama hiyo, kocha huwategemea wenye mapafu na misuli kuliko wenye akili ya mpira. Kijana mdogo wa umbo, mwenye jicho la kuona pasi, huwekwa nje. Ndiyo maana mabeki wenye nguvu na mawinga wenye kasi wamejaa tele, ilhali viungo wabunifu wanatafutwa kwa tochi.

Upungufu huo huonekana hadi timu ya taifa. Katika fainali za CHAN za Agosti 2025, zinazoshirikisha wanaocheza ligi za nyumbani pekee, Harambee Stars ya kocha Benni McCarthy iliwapa Wakenya furaha ya miaka mingi. Iliilaza DR Congo 1-0, ikatoka sare ya 1-1 na Angola, ikaicharaza Morocco 1-0 na kuilaza Zambia 1-0, kabla ya kubanduliwa na Madagascar kwa matuta katika robo fainali baada ya sare ya 1-1. Morocco, iliyofungwa na Kenya, ndiyo iliyotwaa ubingwa.

Ni rekodi ya kujivunia. Lakini hesabu yake ni mabao matano katika mechi tano, na hakuna mechi hata moja ambayo Kenya ilifunga mara mbili. Ulinzi imara na moyo wa kujituma viliifikisha timu robo fainali. Bao la pili, lile ambalo lingewatuma Madagascar nyumbani mapema, halikupatikana. Bao kama hilo hutengenezwa na kiungo aliyelelewa kutengeneza, na malezi hayo hayaanzi kambini Nairobi. Huanza katika viwanja vya Kitale, Kiminini, Kimilili na Bungoma.

Thamani ya bao moja zaidi inajulikana vyema na majirani wa Kakamega Homeboyz. Msimu wa 2021/22 walimaliza ligi wakiwa na alama sawa na Tusker, wakaukosa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Mwaka uliofuata walijifariji kwa kulitwaa Kombe la FKF. Homeboyz hawakuzaliwa na kiwanda cha sukari, na wamedumu katika Ligi Kuu wakati timu za sukari zikididimia. Hilo pekee linastahili kuwafikirisha viongozi wa Bungoma na Trans Nzoia.

Mnamo Mei 2025, serikali ilivikodisha viwanda vinne vya sukari vya umma kwa wawekezaji wa kibinafsi kwa miaka 30, Nzoia ikiwa mojawapo. Mjadala uliofuata ulihusu mashamba, mitambo, madeni ya wakulima na malimbikizo ya mishahara, na ni haki yake kwa kuwa hayo ni maisha ya watu. Lakini kiwanda kinapobadilisha mikono, timu iliyobeba jina lake haipaswi kuachwa kama kiti kilichosahauliwa varandani. Mashabiki wana haki ya kuelezwa ni nani atakayeilea, kwa pesa gani na kwa muda gani.

Yapo mambo yanayoweza kufanywa bila kungoja muujiza. La kwanza ni kuitenganisha hatima ya klabu na hatima ya kiwanda. Mwekezaji anaweza kuwa mdhamini mmoja kati ya kadhaa, wala si baba wa pekee ambaye akiugua familia yote hulala njaa.

La pili ni kuunganisha Kitale na Bungoma kwa maandishi. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa ajili ya klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Shule isiyo na klabu iliyosajiliwa haiwezi kudai fungu hilo. Klabu ya vijana iliyosajiliwa Kitale, ikishirikiana na shule na kuwa na mapatano na klabu ya Bungoma, inaweza. Mbegu ikiuzwa, mkulima naye apate chake.

La tatu ni uwanja wa Masinde Muliro. Nyasi hazitunzwi na gwaride la siku moja. Zinahitaji mtunzaji, maji, bajeti ya kila mwezi na timu ya kuzichezea. Inafaa ikumbukwe kwamba Muliro, ambaye jina lake liko langoni mwa uwanja huo wa Bungoma, aliwawakilisha wakazi wa Cherang'any, Trans Nzoia, bungeni. Kwake yeye, mpaka kati ya maeneo haya mawili haukuwa ukuta.

La nne, na pengine gumu zaidi, ni subira. Kaunti na wadhamini hupenda makombe ya haraka kwa sababu kombe hupigwa picha. Mkataba wa miaka mitatu kwa kiungo mwenye umri wa miaka 19 haupigwi picha. Lakini ni mikataba ya aina hiyo, inayolipwa tarehe iliyoandikwa, ambayo humpa kijana utulivu wa kukaa, akamjua winga wake, na siku moja akautanguliza mpira mahali pasipo mtu akiwa na hakika kwamba mwenzake atafika.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bungoma tayari ina ukuta wa kujenga. Matofali yapo, na mengi yako Kitale, kwa vijana ambao jioni hii wanapigiana pasi nyuma ya madarasa huku wakijiuliza kama wataendelea kucheza pamoja baada ya mtihani wa mwisho.